Hedhi Ikikoma, Mifupa Haistaafu

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kidogo. Kama unaishi na mama yako mzazi au mama mkwe wako, mwite akae nawe, kwa sababu mazungumzo ya leo ni yenu nyote wawili.

Leo tunazungumza kuhusu mifupa ya mwanamke baada ya hedhi kukoma, na kwa nini wakati huo mifupa inahitaji kazi na mazoezi wala si kiti.

Mama aliyekatazwa kazi

Nianze na kisa kimoja. Nimebadilisha mambo machache ili mhusika asitambulike.

Kulikuwa na mama wa miaka 66. Alilea watoto sita kwa jembe na kwa kuuza ndizi sokoni. Watoto walipopata kazi mjini hawakumsahau. Walimjengea nyumba nzuri, wakamnunulia viti vya sofa na televisheni, wakamwajiria msichana wa kazi. Wakamwambia, "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Sasa kaa upumzike." Msichana akawa ndiye anayeteka maji, anayefua, anayepika na anayeenda sokoni. Mama akishika ufagio, ananyang'anywa. Majirani wakasema mama huyu amebarikiwa, na kweli kuwa na watoto wanaokukumbuka ni baraka.

Miaka mitatu ikapita. Mama akaanza kuinuka kitini kwa kushika meza. Kisha kilima cha kwenda kanisani kikamshinda, ikawa ni lazima aitiwe bodaboda. Usiku mmoja alitoka kwenda choo, akajikwaa kwenye kizingiti cha mlango, akaangukia ubavu. Hakuanguka kutoka juu ya mti. Alianguka kutoka kimo chake mwenyewe tu, lakini mfupa wa nyonga ukavunjika. Alifanyiwa upasuaji, akakaa hospitalini kwa wiki nyingi, na leo anatembea kwa kuegemea fremu ya chuma.

Nilipoenda kumwona nyumbani, kijana wake wa kwanza aliniuliza, "Sista, tulimfanyia mama kila kitu. Tulikosea wapi?"

Swali hilo ndilo limenileta kwenu leo. Watoto hawa hawakumtesa mama yao, walimpenda. Wala siwezi kusema kwamba kiti peke yake ndicho kilichovunja nyonga ile, kwani umri na kukoma kwa hedhi pia vilichangia. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuwaeleza jinsi mfupa unavyoishi. Basi tuelezane.

Mfupa ni kitu kilicho hai

Wengi wetu tunafikiri mfupa ni kama nguzo ya saruji, kwamba ikishakauka imekwisha. Sivyo. Mfupa una damu na una neva, na kila siku unabomolewa kidogo na kujengwa upya. Kuna seli zinazobomoa sehemu zilizochakaa, na nyuma yake zinakuja seli nyingine zinazojenga. Ni kama nyumba ya udongo. Ukuta unamomonyoka kidogo, na mwenye nyumba anaukandika tena. Akiacha kukandika msimu mmoja, huenda usione. Akiacha misimu kumi, nyumba itakuwa hatarini.

Tangu utotoni hadi karibu umri wa miaka 30, wajenzi huwashinda wabomoaji. Baada ya hapo wanakwenda sare kwa miaka kadhaa. Kwa mwanamke, anayewazuia wabomoaji wasipite kiasi ni homoni iitwayo estrojeni, ambayo hutengenezwa na ovari.

Wanawake wengi huacha kupata hedhi kati ya miaka 45 na 55. Tunasema hedhi imekoma mama anapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na hakuna sababu nyingine kama vile mimba au dawa za kupanga uzazi. Wale waliotolewa ovari zote mbili kwa upasuaji hufikia hali hiyo mapema. Estrojeni ikipungua, wabomoaji hupata nafasi. Katika miaka 5 hadi 7 ya kwanza mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mifupa yake. Baadaye mifupa huendelea kupungua, lakini polepole zaidi.

Mfupa uliopungua sana hubaki na matundu mengi ndani yake. Hali hii huitwa osteoporosisi. Ubaya wake ni kwamba haina homa, haina uvimbe, wala haiumi. Mama wengi huitambua siku mfupa unapovunjika kwa kuanguka kidogo tu. Mifupa inayovunjika zaidi ni ya kifundo cha mkono, pingili za uti wa mgongo, na nyonga.

Kazi inausaidiaje mfupa?

Hapa nakuomba usikilize kwa makini. Mfupa huimarika pale unapotumika. Msuli unapouvuta mfupa, na mguu unapokanyaga ardhi, seli zilizo ndani ya mfupa huhisi uzito huo. Hupeleka habari kwa wajenzi kwamba hapa pana kazi, ongezeni nguvu. Msuli usipovuta, habari inayofika ni kwamba mfupa huu hauna kazi, na wabomoaji wanaendelea bila kizuizi.

Umewahi kumwona mtoto aliyefungwa plasta mkononi kwa wiki sita? Plasta ikitolewa, mkono huo huwa mwembamba kuliko mwenzake. Unachokiona ni msuli uliopungua, lakini hata mfupa ulio ndani huwa umepungua. Wanaanga nao, wale wanaokaa angani ambako mwili hauhisi uzito, hupoteza karibu asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Na hao ni watu wenye afya, wanaokula vizuri. Mama anayeketi kutwa hafiki kiwango hicho, lakini anaelekea upande uo huo.

Habari njema ni kwamba mfupa hausahau kuitika hata uzeeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka Australia uliwafuata wanawake 101 waliokwisha kukoma hedhi na ambao mifupa yao ilikuwa imepungua. Kundi moja lilifundishwa kuinua vyuma vizito mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, mwalimu akiwa pembeni. Kundi la pili lilifanya mazoezi mepesi nyumbani. Baada ya miezi 8, mfupa wa kiuno wa kundi la kwanza ulikuwa umeongezeka karibu asilimia 3, na wa kundi la pili ulikuwa umepungua karibu asilimia 1. Sikuambii uende leo ukainue gunia la mahindi. Wale walikuwa na mwalimu, na waliongezewa uzito kidogo kidogo. Ninalotaka ujue ni kwamba mfupa wa mama wa miaka 65 bado unasikia ukiitwa.

"Lakini mimi nabeba maji kila siku"

Najua kuna mama anayenisikiliza akiwa shambani, iwe ni Kitale, Mumias au Taita, anayesema, "Sista huyu anazungumza na wenye sofa. Mimi nalima, nabeba maji, napanda milima." Mama, una haki. Kazi yako inausaidia mwili wako sana. Hata hivyo, kuna jambo la kuangalia.

Kazi zetu nyingi tunazifanya tumeinama. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una uzito wa kilo 20. Ukiuinua mgongo ukiwa umepinda, uzito wote unazibana pingili za uti wa mgongo upande wa mbele. Pingili iliyodhoofika inaweza kubonyea. Zikibonyea mbili au tatu, mama hupungua kimo, leso yake inaanza kuburuta chini, na mgongo unapinda. Watu husema ni uzee tu, kumbe ni mifupa iliyovunjika bila kutambuliwa.

Basi usiache kazi, badilisha namna ya kuifanya. Badala ya mtungi mmoja wa lita 20, beba midogo miwili ya lita 5, mmoja kila mkono, uende mara nyingi zaidi. Unapoinua mzigo, kunja magoti na nyonga, mgongo uwe umenyooka, mzigo uwe karibu na kifua. Usiiname na kugeuka kwa wakati mmoja. Tumia ufagio wenye mpini mrefu. Kuni zifunge mafungu madogo.

Mazoezi gani, na kwa kiasi gani?

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku 2. Aliyetimiza miaka 65 aongeze mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, angalau siku 3 kwa wiki. Hayahitaji pesa. Unahitaji kiti, ukuta na chupa za maji.

La kwanza ni kutembea kwa haraka. Dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki, zinatimiza dakika 150. Mwendo uwe ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kama umekaa muda mrefu, anza na dakika 10. Lakini ujue kwamba kutembea peke yake hakutoshi kwa mifupa, ndiyo sababu tunaongeza haya mengine.

La pili ni kuinuka kitini. Tumia kiti imara kilichoegemezwa ukutani. Kunja mikono kifuani, simama, kisha keti polepole. Fanya mara 8 hadi 10, pumzika, rudia. Ukishindwa, anza kwa kushika meza, na baada ya wiki chache jaribu kuiachilia. Zoezi hili hutia nguvu mapaja na nyonga.

La tatu ni kuinua visigino. Shika meza au mwimo wa mlango, inuka kwa vidole vya miguu, kisha shuka. Mara 10, kisha rudia.

La nne ni kusukuma ukuta. Simama mbele ya ukuta, weka viganja ukutani, kunja viwiko ukisogeza kifua karibu na ukuta, kisha jisukume urudi. Mara 10. Mifupa ya mikono nayo inataka kazi.

La tano ni kuinua chupa za maji. Chupa ya nusu lita ina uzito wa nusu kilo. Inua moja kila mkono kutoka mapajani hadi mabegani mara 10. Ikiwa nyepesi kwako, hamia ya lita moja, kisha ya lita mbili. Mwishoni mwa zoezi unapaswa kuhisi kweli msuli umefanya kazi.

La sita ni kusimama imara. Shika meza, simama kwa mguu mmoja ukihesabu hadi 10, kisha badilisha. Halafu tembea kando ya ukuta ukiweka kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine. Usidharau zoezi hili. Nyonga nyingi huvunjika kwa kuanguka, na mazoezi ya mizani na ya miguu yameonekana kupunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu robo.

Na dansi je? Mama, cheza! Iwe ni isukuti, mwomboko, ohangla au chakacha, au nyimbo za kwaya. Unapocheza unakanyaga, unageuka, unabadilisha mguu, na mifupa inafurahi pamoja nawe.

Kuna tahadhari. Ukiwa umewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo, au una ugonjwa wa moyo, au presha isiyodhibitiwa, muone daktari kabla ya kuanza. Aliye na osteoporosisi asirukeruke wala asiiname kugusa vidole vya miguu bila kuelekezwa na mtaalamu. Ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukatika pumzi, acha mara moja utafute matibabu.

Maswali ninayoulizwa mara kwa mara

"Sista, magoti yananiuma. Si mazoezi yataniharibu zaidi?" Kwa maumivu ya kawaida ya magoti ya umri mkubwa, misuli ya mapaja ikipata nguvu, goti hupumua. Anza polepole, tumia kiti cha juu kidogo. Goti likivimba au likiwa na joto, nenda likaangaliwe.

"Nina miaka 72, si nimechelewa?" Hujachelewa. Hata kama mfupa hautaongezeka sana, miguu yenye nguvu itakuzuia usianguke.

"Nakunywa supu ya mifupa kila wiki. Haitoshi?" Supu ni tamu na inatia joto, lakini madini ya kalsiamu yanayotoka mfupani na kuingia kwenye maji ya supu ni kidogo sana. Mama aliyepita miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Glasi moja ya maziwa hutoa karibu 300. Kama maziwa ya kawaida yanakuvuruga tumbo, jaribu maziwa lala. Kula omena pamoja na mifupa yake, sukumawiki, uji wa wimbi na simsim. Usisahau maharagwe, mayai au samaki, kwa sababu msuli hujengwa kwa protini. Na toka nje jua likupate, ili ngozi itengeneze vitamini D. Ukitembea mchana umepata mazoezi na jua pamoja. Sigara, ugoro na pombe nyingi si rafiki wa mifupa yako.

"Je, nikinunua vidonge vya kalsiamu nikaketi?" Vidonge ni kama kuletewa mchanga na saruji. Fundi asipoitwa kazini, nyumba haijengwi. Tena usivinunue kiholela, uliza kwanza katika kituo cha afya.

Kwako unayemtunza mama

Sasa nakugeukia wewe binti, mkaza mwana, au kijana uliye mjini na unayetuma pesa nyumbani. Usimnyang'anye mama ufagio. Mwondolee kazi za kuumiza, kama mtungi wa lita 20 na gunia, lakini mwachie kazi za kumwimarisha: bustani ya mboga, kuku, kwenda sokoni kwa miguu, kucheza na wajukuu. Ukimpigia simu, pamoja na kumuuliza amekula nini, muulize leo ametembea hadi wapi. Na ukija likizo, tembea naye.

Pili, ondoa vya kumwangusha. Njia ya choo iwe na taa, au awe na tochi kando ya kitanda. Ondoa mkeka unaokunjika, mawe mlangoni, na slipa zilizokwisha kuteleza. Kama kuna ngazi, weka mahali pa kushika. Apimwe macho. Dawa za presha au za usingizi zikimtia kizunguzungu, mwambie daktari. Kama ametumia vidonge vya prednisoloni kwa zaidi ya miezi 3, au dawa za kifafa kwa miaka mingi, uliza kuhusu mifupa yake. Asiache dawa yoyote bila kushauriwa.

Tatu, jua dalili. Maumivu ya mgongo ya ghafla, kupungua kimo, mgongo kupinda, au mfupa kuvunjika kwa kuanguka kidogo ni sababu ya kwenda hospitalini. Maumivu ya mgongo yanayoandamana na homa, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, na hayo yasingoje. Kipimo cha uimara wa mifupa kinapatikana katika hospitali chache kubwa za mijini, lakini daktari anaweza kuanza kukusaidia hata kabla ya kipimo hicho. Dawa za kuimarisha mifupa zipo. Kwa aliyekwisha kuvunjika, mazoezi hayachukui nafasi ya dawa, yanakwenda pamoja.

Nne, akianguka akashindwa kusimama, na mguu mmoja ukaonekana mfupi au umegeukia nje, chukulia kwamba nyonga imevunjika. Msimvute mguu, msimkande, wala msimpakie kwenye bodaboda. Mlazeni, mguu usichezeshwe, mtafute gari la kumpeleka hospitalini akiwa amelala. Kila siku ya kungoja nyumbani inamwongezea hatari.

Kabla hatujaagana

Tukumbushane. Mfupa ni kitu hai. Hedhi ikikoma, wabomoaji wanapata nguvu, lakini kazi na mazoezi huwaita wajenzi. Tembea, inuka kitini, inua chupa, simama kwa mguu mmoja, cheza. Inua mizigo mgongo ukiwa umenyooka. Kula vya mifupa na misuli. Ondoa vya kuangusha.

Na yule mama wa nyonga? Nilimwona tena mwezi uliopita. Msichana wa kazi bado yupo, lakini sasa mama ndiye anayechambua mboga akiwa amesimama, na kila jioni huinuka kitini mara kumi huku mjukuu akimhesabia. Kijana wake akipiga simu, swali lake la kwanza ni, "Mama, leo umefika wapi?" Wiki ile aliweza kujibu, "Nimefika langoni na kurudi."

Basi nawe, mazungumzo haya yakiisha, usikimbilie kuzima redio. Simama kwanza bila kushika kiti. Keti. Simama tena. Umeanza. Hadi tutakapokutana tena, kwaheri, na mbaki na afya njema.